Mosfeti inaungua na pampu haizimiki: pima kabla ya kununua nyingine

*"Shikamoo fundi. Nalima mbogamboga Morogoro na nimejitengenezea mtambo wa kumwagilia unaojiendesha wenyewe. Pampu ni ya volti 12, imeandikwa wati 36, iko kisimani, mita 15 kutoka kwenye boksi la betri ya sola. Inawashwa na bodi ya ESP32, ile kompyuta ndogo, kupitia mosfeti ya IRFZ44N, na geti nimeliunganisha moja kwa moja na pini 14. Tangu mwanzo pampu ilizunguka kinyonge, ila baada ya dakika moja hivi ilipata nguvu kidogo. Mosfeti iliunguza kidole hata nilipoifunga kwenye kipande cha bati. Kila nikiwasha mtambo, pampu inashtuka kabla programu haijaanza, na mara nyingine ESP32 inazima na kuanza upya pampu inapowaka. Niliweka daiodi ya 1N4007 kama nilivyoshauriwa, fyuzi ikakatika papo hapo, nikaitoa. Siku ya tisa pampu ikakataa kuzimika kabisa. Nimeshabadilisha mosfeti tatu. Ninunue yenye ampia kubwa zaidi?"*

Marahaba. Hapana, usinunue yenye ampia kubwa zaidi, maana hata hiyo itakufa. IRFZ44N kwa maelezo ya mtengenezaji inabeba ampia 49 ikiwa imepozwa vizuri, na pampu yako ya wati 36 kwa volti 12 inataka ampia 3 tu. Kwa hiyo mosfeti zako hazikuzidiwa na mzigo. Zimekufa kwa sababu hazikuwahi kufunguka sawasawa. Umenieleza mengi, na karibu kila dalili uliyoandika ina sababu yake, kwa hiyo nitazipitia moja moja. Ile ya pampu kupata nguvu baada ya dakika moja ndiyo iliyonionyesha njia, na nitaieleza kwa kirefu.

Tuanze na namna mosfeti, yaani aina ya transista inayotumika kama swichi ya umeme, inavyofanya kazi. Ina miguu mitatu: geti, dreni na sosi. Ukiishika maandishi yakikutazama na miguu ikielekea chini, wa kushoto ni geti, wa kati ni dreni, wa kulia ni sosi. Umeme wa pampu unapita kutoka dreni kwenda sosi, na kiasi kinachopita kinategemea volti zilizopo kati ya geti na sosi. Chini ya kiwango fulani haipitishi kitu. Kiwango hicho nakiita volti ya kuamkia. Kwa IRFZ44N ni kati ya volti 2 na 4, na kila kipande kina yake: unaweza kununua viwili dukani siku moja vikatofautiana kwa volti nzima.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanasoma "volti 2 hadi 4", wanaona ESP32 inatoa volti 3.3, wanasema inatosha. Lakini volti ya kuamkia hupimwa mosfeti ikipitisha mkondo mdogo mno, sehemu moja tu kati ya elfu nne za ampia. Kuamka si kusimama. Ule ukinzani mdogo wa omu 0.0175 unaoipa sifa mosfeti hii, mtengenezaji ameuahidi geti likiwa na volti 10. Kwa volti 3.3 hakuahidi chochote. Kipande kimoja kinaweza kupitisha ampia 2, kingine nusu ampia, kingine kisipitishe kabisa.

Sasa ile dakika moja. Mosfeti ikipata joto, volti yake ya kuamkia hushuka. Geti lako lina volti 3.3 zilezile, lakini kwa kuwa volti ya kuamkia imeshuka, mosfeti inafunguka zaidi kidogo na pampu inapata mkondo zaidi. Nje unaona pampu "imepasha moto misuli", kumbe ndani mosfeti inaungua ndiyo maana inapitisha zaidi. Mosfeti iliyofunguliwa kikamilifu haifanyi hivyo. Yenyewe ikipata joto ukinzani wake huongezeka, na mkondo ukibadilika hupungua kidogo. Kwa hiyo ukiona mota inayoanza kinyonge kisha inachangamka kadiri transista yake inavyozidi kuchemka, shuku geti kabla ya kitu kingine chochote. Sijui dalili nyingine ya wazi kiasi hicho ambayo haihitaji hata mita.

Ila vipimo vya mita ndivyo vitakavyotuhakikishia. Nunua IRFZ44N moja mpya, maana uliyonayo imekufa (nitaeleza namna ya kuthibitisha), na kabla ya kurekebisha kitu, pima ukiwa na muunganisho uleule wa zamani kwa sekunde chache tu. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja, ncha nyekundu kwenye dreni, nyeusi kwenye sosi, kisha washa pampu. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka kuliko vyote. Volti utakazoziona hapo ni zile ambazo pampu imenyimwa. Mosfeti iliyofunguka vizuri na kubeba ampia 3 itakuonyesha karibu volti 0.05, yaani ampia 3 mara omu 0.0175. Kwa mtambo wako natarajia volti kadhaa.

Tuseme umepata volti 4 na mkondo ni ampia 2. Zizidishe: wati 8. Joto lote hilo linazalishwa ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha. Mosfeti ya umbo hilo ikisimama hewani bila bati la kupoozea, kila wati moja huipandisha joto kwa takriban nyuzi 62. Kikomo chake cha ndani ni nyuzi 175. Hewa ya kwenu ikiwa nyuzi 30, basi bila bati inaweza kuvumilia wati 2 na ushei tu. Wewe unaipa 8. Kile kipande cha bati ndicho kilichokupa siku tisa, lakini hakikugusa ugonjwa wenyewe. Ukibadilisha ukaweka mosfeti ya ampia 100 yenye geti la aina ileile, hesabu hii haibadiliki hata kidogo, kwa sababu joto linatokana na volti zinazobaki juu yake, si na ampia zilizoandikwa kwenye karatasi.

Nasisitiza kupima kwa sababu nimeona gharama ya kutopima. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga iliyokuwa inaunguza transista ya mota ya kugeuzia mayai. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshaweka transista tano, kila moja kubwa kuliko iliyopita, na ya mwisho ilikuwa na bati la kupoozea kubwa kama kitabu. Mayai 300 yalikuwa ndani, siku ya kumi na moja. Nilipima kati ya dreni na sosi nikakuta zaidi ya volti 3, nikapima geti nikakuta volti 3.1. Kazi ya kurekebisha haikuzidi saa moja, na vifaa havikufika bei ya transista moja kati ya zile tano. Lililoniuma ni mayai, kwa sababu mama mwenye mashine alikuwa amekopa ili kuyanunua.

Baada ya dreni na sosi, pima geti na sosi pampu ikiwa imewashwa. Ukikuta karibu 3.3, ESP32 inafanya kazi yake na kosa ni la kuchagua kifaa. Ukikuta 2 au chini, pini yako huenda imeharibika. Hili la mwisho liangalie kwa makini, kwa sababu mosfeti ikifa, wakati mwingine geti linashikana na dreni, na volti 12 za betri zinarudi moja kwa moja kwenye pini iliyotengenezwa kwa volti 3.3. Pini 14 yako inaweza kuwa imeumia hata kama bodi nzima bado inawaka na kuongea na simu.

Sasa kuhusu pampu iliyokataa kuzimika. Mosfeti ikifa kwa joto, mara nyingi haikati umeme, bali inafanya shoti ndani, dreni na sosi zinakuwa kitu kimoja kama waya. Ndiyo maana hata ukitoa waya wa geti pampu itaendelea kuzunguka. Kuthibitisha, itoe kabisa kwenye saketi na uweke mita kwenye alama ya daiodi. Gusa geti na sosi kwa pamoja kwa kidole kwanza ili kuondoa chaji iliyobaki, maana geti hushika chaji kwa muda mrefu na kukudanganya. Kisha ncha nyekundu kwenye sosi, nyeusi kwenye dreni: nzima itaonyesha kati ya volti 0.4 na 0.6, kwa sababu kuna daiodi ya kuzaliwa nayo ndani. Geuza ncha: isionyeshe kitu. Kutoka geti kwenda mguu wowote mwingine: isionyeshe kitu, upande wowote. Ikilia au kuonyesha sifuri kati ya dreni na sosi pande zote mbili, imekufa, itupe. Usiirudishe kwenye kisanduku cha vifaa, utakuja kuipachika tena mwezi ujao ukiwa na haraka.

Kuna tahadhari hapa kwa mkulima. Kwa kuwa mosfeti hufa ikiwa imefunguka, pampu inaweza kuzunguka usiku kucha, ikamaliza kisima na betri, na kisha ikazunguka kavu mpaka iungue. Weka swichi ya mkono kwenye waya wa chanya wa pampu, mahali mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuifikia bila kufungua boksi.

Tiba ya geti sasa. Njia ya kwanza ni kubadilisha mosfeti na kuweka aina inayofunguka kwa volti ndogo. Wengi watakuambia ununue IRLZ44N, ile yenye herufi L. Ni bora zaidi, ndiyo: kwa volti 5 ukinzani wake ni omu 0.025, na kwa volti 4 ni 0.035. Lakini ona tena: volti 4 ndicho kipimo cha chini kabisa alichoahidi mtengenezaji. Kwa bodi ya volti 5 kama Arduino Uno ningekuambia nunua, funga, sahau. Kwa ESP32 ya 3.3 mara nyingi itafanya kazi, na mimi sipendi kumjengea mtu pampu ya shamba juu ya neno "mara nyingi". Isitoshe, nimekutana na IRLZ44N zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya juu ya kitu kingine. Ukinunua, ipime kwanza kwa namna nitakayoeleza chini.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayokushauri, ni kubaki na IRFZ44N yako na kulipatia geti lake volti inazozitaka kutoka kwenye betri yenyewe. Unahitaji transista mbili ndogo, BC547 na BC557, na rezista chache. Wengine hutumia BC547 peke yake na rezista ya kuvuta geti juu kwenye volti 12. Inafanya kazi, lakini inageuza amri: pini ikiwa chini pampu inawaka, pini ikiwa juu inazima. Maana yake ni kwamba ESP32 ikizimika, ikikatika waya, au ikiwa bado inaamka, pampu inazunguka. Kwa taa ya mapambo si neno. Kwa pampu ya kisima sikubali. Ndiyo maana nataka transista mbili.

Unganisha hivi; miguu ya transista hizi mbili inaitwa kolekta, besi na emita. Kutoka pini ya ESP32, pitisha rezista ya kilo-omu 4.7 hadi kwenye besi ya BC547. Emita ya BC547 iende hasi. Kolekta yake ipite rezista nyingine ya kilo-omu 4.7 hadi besi ya BC557. Emita ya BC557 iende chanya ya betri, na kati ya besi na emita yake weka kilo-omu 10 ili ilale vizuri isipoitwa. Kolekta ya BC557 ipite rezista ya kilo-omu 1 hadi kwenye geti la mosfeti. Kutoka geti hadi sosi weka kilo-omu 10. Sosi iko hasi, kama ulivyokuwa nayo, na pampu inabaki kati ya chanya na dreni. Usihamishe pampu upande wa sosi, kwa sababu sosi itapanda pamoja na pampu na geti litakosa tofauti ya volti ya kulifungua.

Kwa mpangilio huu, pini ikipanda, BC547 inafunguka, inaivuta besi ya BC557 chini, nayo inasukuma karibu volti 11 kwenye geti. Pini ikishuka, au ikiachwa bila amri, vyote vinalala, na ile rezista ya kilo-omu 10 inaondoa chaji ya geti. Angalia miguu: BC547 na BC557, ubapa ukikutazama na miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Ukitumia 2N2222 ya plastiki badala ya BC547, mara nyingi mpangilio ni kinyume: emita, besi, kolekta. Kosa hili limepoteza saa nyingi za mafundi wazuri.

Betri ya sola inapochajiwa hufika volti 14.4 na zaidi, na vidhibiti chaji vya bei rahisi huweza kuachia volti za paneli zipite betri ikichomoka. Geti la IRFZ44N linavumilia volti 20, halizidi hapo. Weka daiodi ya zena ya volti 15 kati ya geti na sosi, mstari ukielekea geti. Ile rezista ya kilo-omu 1 ndiyo itakayoilinda zena yenyewe. Kama unapanga kupunguza kasi ya pampu kwa kuwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, saketi hii ni nzito mno kuzima. Kwa kuwasha na kuzima kawaida inatosha kabisa.

Ile kushtuka kwa pampu kabla programu haijaanza ina sababu mbili, na wewe unazo zote. Kwanza, geti lako halikuwa na rezista ya kulivuta chini, kwa hiyo ESP32 ikiwa bado haijaamua, geti linaelea na kuokota chochote. Pili, umechagua pini 14, ambayo ni mojawapo ya pini za ESP32 zinazotoa umeme kwa muda mfupi wakati bodi inaamka. Hamia pini 26 au 27, au 32, 33. Usiende 34 hadi 39, hizo ni za kupokea tu, haziwezi kutoa amri. Na kwa kuwa 14 huenda imeumia, una sababu mbili za kuihama.

Kuhusu daiodi iliyokata fyuzi: daiodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na wewe uliiweka kinyume. Nina hakika nalo, kwa sababu daiodi iliyo sahihi haipitishi kitu pampu ikiwa inafanya kazi, inasubiri. Mota ni koili. Mkondo ukiwa unapita ndani yake kisha ukaukata ghafla, koili haikubali kukatwa, na volti kwenye dreni zinaruka juu mpaka zipate pa kutokea. Mosfeti yako inavumilia volti 55, baada ya hapo inapitisha kwa lazima na kuumia kidogo kidogo. Daiodi inaupa huo mkondo njia ya kuzunguka mpaka uishe. Mstari wa rangi ya fedha kwenye 1N4007 lazima uelekee chanya, upande mwingine uende dreni. Ukigeuza, umeunganisha chanya na hasi kupitia daiodi kila mosfeti inapofunguka, na fyuzi yako imefanya kazi yake vizuri kwa kukatika. Shukuru ulikuwa na fyuzi.

Ungeiweka wapi? Wengi huilehemu kwenye mota yenyewe. Kwa waya wa mita 15 mimi naiweka ndani ya boksi, karibu kabisa na mosfeti, kutoka dreni hadi chanya, kwa sababu waya mrefu wenyewe una ukoili wake na ukiweka daiodi kule kisimani haitailinda mosfeti dhidi ya ukoili huo. 1N4007 ni ya ampia 1, lakini kwa pampu inayozimwa mara chache kwa siku inavumilia, maana mkondo ule unaisha kwa kitambo kidogo sana. Ukipata 1N5822 ya Schottky, ya ampia 3, chukua hiyo. Pia weka kapasita ya maikrofaradi 1,000 ya volti 25 kati ya chanya na hasi palepale kwenye mosfeti, ukiangalia alama ya hasi.

Sasa kuzimika kwa ESP32. Mota iliyosimama haina kinachozuia mkondo isipokuwa ukinzani wa waya wake wa ndani. Chomoa pampu na upime: ukikuta omu 1, basi kwa kitambo kidogo cha kuanza itataka ampia karibu 12, mara nne ya zile 3. Volti zinaporomoka na ESP32 inakosa pumzi. Mpaka sasa mosfeti yako ilikuwa inauzuia mkondo huo kwa uvivu wake, kwa hiyo uwe tayari: ukitibu geti, tatizo hili linaweza kuongezeka. Dawa ni njia za waya. Chanya na hasi ya kipunguza volti kinacholisha ESP32 zitoke kwenye betri zenyewe, kwa waya wake, zisipande kwenye waya wa pampu. Hasi ya ESP32 na sosi ya mosfeti ni lazima ziwe pamoja, lakini zikutane sehemu moja, karibu na betri au kwenye kituo kimoja cha skrubu. Ukiipitisha hasi ya pampu kwenye bodi yenye vishimo vya kuchomekea, ile ya majaribio, ampia 3 zitapita kwenye vibati vyembamba na ESP32 itaona hasi yake ikipandapanda. Bodi ile ni ya kujifunzia mezani. Shambani, lehemu.

Waya nao usiusahau. Shaba ya milimita 1 ya mraba ina karibu omu 0.0175 kwa mita. Mita 15 kwenda na 15 kurudi ni 30, yaani omu 0.52, na kwa ampia 3 unapoteza volti 1.6 njiani kabla maji hayajapanda. Ukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba unapoteza kama 0.6. Pima volti kule kisimani pampu ikifanya kazi, si kwenye betri tu.

Bati la kupoozea nalo: ule mgongo wa chuma wa mosfeti umeungana na dreni. Ukigusana na boksi la chuma lililo hasi, pampu itawaka na haitazimika, na utadhani mosfeti imekufa tena. Baada ya kurekebisha geti hutahitaji bati hata hivyo. Ampia 3 kwa omu 0.0175 ni wati 0.16, na hiyo huipandisha joto nyuzi 10 tu juu ya hewa.

Kabla ya kuunganisha pampu, jaribu yote kwa taa ya indiketa ya gari, ile ya wati 21 kwa volti 12. Iweke mahali pa pampu. Inavuta ampia 1.75, haina koili, haiungui ukikosea, na macho yako yanaona mara moja kama inawaka kikamilifu au kwa unyonge. Kwa taa hiyo ndipo unapoweza kupima hata IRLZ44N uliyoishuku: lipe geti volti 3.3, acha dakika tano, soma volti kati ya dreni na sosi, gusa mgongo. Kipande halisi kitabaki baridi. Iwashe na kuizima mara ishirini kwa programu, zima ESP32 katikati ya kazi uone kama taa inazimika, kisha ndipo uunganishe pampu kupitia fyuzi ya gari ya ampia 7.5.

Ukishaunganisha pampu, andika namba tatu kwenye karatasi na uzibandike ndani ya mfuniko wa boksi: volti za geti na sosi, volti za dreni na sosi, na volti za pampu kule kisimani, zote pampu ikiwa inavuta maji. Natarajia karibu 11, chini ya 0.1, na zaidi ya 11 ukiwa na waya wa 2.5. Ukikuta ya kati imezidi 0.3, zima kabla ya kugusa kitu kingine, na unitumie zote tatu.